Orodha ya waliopanda: shajara ya mpango wa faraja baada ya maafa, pwani ya Tanga

Juni 2024, wiki ya mwisho

Kamati ya maafa ya kata imetukabidhi rasimu ya mpango wake. Ni kata ya wavuvi, kusini mwa jiji, njia ya Pangani, na rasimu imeandikwa na watu wanaojua wanachosema: nani apige simu jiji, shule ipi igeuzwe makazi ya muda, chombo kipi kina injini ya kutegemewa usiku, unga uhifadhiwe kwa nani. Kila kazi ina jina la mtu na namba yake ya simu. Isipokuwa ukurasa mmoja. Kichwa chake ni "Msaada wa kisaikolojia", na chini yake kuna sentensi pekee: "Waathirika watapatiwa ushauri nasaha." Na nani, wapi, lini, kwa muda gani, hakuna. Sentensi hiyo ndiyo mradi wetu.

Wakati wa kuifanya kazi hii ni mzuri kwa maana mbaya. Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekwisha kufariki nchini kwa mafuriko na maporomoko ya mvua za El Nino. Mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia kabla ya kuishiwa nguvu, na huku kwetu vyombo vilivutwa juu, watu wakalala macho wakisikiliza upepo. Desemba iliyopita ilikuwa tope la Katesh, Hanang. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Hapa ipo, inakutana, inagombana, kwa hiyo ni kamati ya kweli.

Tulio kwenye kazi: afisa ustawi wa jamii ambaye kila mtu anamwita Mama Ustawi na ambaye anahudumia kata zaidi ya hii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa madrasa, katekista, wakaanga samaki, mabaharia wawili waliostaafu, na mimi mratibu. Fedha ya mfadhili inatosha nauli, chai na karatasi. Haiajiri mshauri nasaha hata mmoja. Naanza kuona hiyo ni bahati, maana ingetosha, tungemwajiri na ukurasa tungeufunga hapo.

Julai, mwanzoni

Hatujapanga kitu. Tunauliza swali lilelile kila tunapokaa, kwenye kijiwe cha kahawa, sokoni, nje ya msikiti, kwa akina mama wa Kwaya: mara ya mwisho chombo kilipochelewa kurudi, nani alifanya nini?

Majibu yamejaa kuliko nilivyotarajia. Wa kwanza kujua ni wakaanga samaki, maana wao wanasubiri mzigo na wanazijua saa za kila nahodha. Kabla hata mwenyekiti wa mtaa hajaambiwa, wanawake watatu wanne wamekwisha kwenda kwa mke wa nahodha, wamekaa naye jikoni, hawasemi lolote la maana. Mmoja anachukua watoto akawalaze kwake. Kikundi cha kufa na kuzikana kinatoa mikeka, turubai na sufuria kubwa. Tajiri wa chombo anatoa mafuta, vijana wanaingia baharini kutafuta. Shehe anapita baada ya magharibi. Wanaume wanakaa barazani mpaka usiku mkubwa na kazi yao ni hiyo, kukaa.

Mwongozo wa mwaka 2007 wa kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada duniani, IASC, unachora piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa usalama na mahitaji ya lazima. Juu yake familia na jamii. Kisha msaada mahsusi unaotolewa na watu waliofundishwa ingawa si wataalamu. Na kileleni, kwa wachache, madaktari na wauguzi wa afya ya akili. Wakaanga samaki hawajauona mchoro huo lakini ngazi mbili za chini wanakutajia kwa majina ya watu. Mpango wetu usiwaingilie. Usilete watu wenye fulana za mradi kukaa jikoni kwa mke wa nahodha mahali pa jirani yake.

Palipo na tobo ni pengine. Mzee mmoja alikumbusha chombo cha miaka ya nyuma kilichozama usiku wa kusi. Nyumba moja ililia siku mbili kwa kijana ambaye wakati huo alikuwa Pongwe, amelala kwa shangazi yake: aliamka na homa alfajiri ile akamwachia nafasi binamu yake. Na nyumba ya binamu ilikula chakula cha usiku kwa amani, mara mbili, mtoto wao yuko majini. Mama wa binamu bado yu hai. Tulipomwendea alisema hivi: "Kufa ni kwa Mungu, mwanangu. Mimi kilichoniumiza ni ule wali nilioula."

Nimeliandika hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi. Hakuna aliyekuwa na orodha ya waliopanda.

Julai, katikati

Mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na wenzake wa mwaka 2011. Hatua zake ni tatu, Angalia, Sikiliza, Unganisha, na zinaingia kichwani kwa dakika tano. Kuzitenda ndiyo kazi. Kwenye maigizo, wote waliocheza msaidizi walianza kuhoji: ilikuwaje, ulimwona nani wa mwisho, chombo kiligeuka upande gani. Mwongozo unasema usimlazimishe mtu kusimulia. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, mpe maji, mkalishe kivulini, muulize anahitaji nini sasa hivi, mtafutie simu.

Liko jambo hapa ambalo wafadhili hawalipendi kwa sababu haliwezi kupigwa picha: kikao cha kuwakusanya manusura mara baada ya ajali, kila mmoja asimulie alichokiona "ili atoe yaliyomo moyoni", hakishauriwi tena. Kilichunguzwa, hakikuonekana kuzuia madhara, na kwa baadhi ya watu kiliongeza. Vilevile vidonge vya usingizi. Mjane mpya huletewa diazepamu kutoka duka la dawa na ndugu mwenye nia njema; Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa watu wazima kwa ajili ya dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mhudumu wetu mmoja alisema wazi kuwa yeye mwenyewe alishanunua. Tumeandika.

Ubishi mkali wa siku ulikuwa juu ya maneno ya pole. Wengi walitaka kufuta "Mungu kampenda zaidi" kwenye orodha ya maneno yanayofaa. Katekista alisema yeye analitumia na watu wanapumua. Mwalimu wa madrasa akauliza: anayelisema ni nani, na amekaa hapo muda gani? Jirani aliyepika tangu asubuhi anaweza kusema chochote. Mgeni wa dakika kumi aseme pole, anyamaze. Nadhani hakuna mtaalamu angelipanga vizuri zaidi.

Agosti, mapema

Mfadhili anataka takwimu kwenye andiko. Kijana wa kuandika alichomeka asilimia 22 ya watu kuwa na matatizo ya afya ya akili. Nimeitoa. Hiyo ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kwa watu wanaoishi maeneo ya vita. Kijiji cha wavuvi kilichopoteza chombo si uwanja wa vita, na tukikitangaza kuwa mtu mmoja kati ya watano humo ni mgonjwa, tutakuwa tumekitukana. Watu wengi baada ya msiba hukosa usingizi, hushtuka, hulia, hukasirika, kisha polepole hurudi kwenye kazi zao wakishikwa mkono. Andiko limekwenda bila asilimia. Tutaona.

Agosti, mwishoni

Wiki nzima tumekaa kwenye jambo moja: waliopotea baharini bila mwili kuonekana. Lilistahili.

Msiba wenye kaburi una njia yake, na njia hiyo inambeba mfiwa hata akiwa hana nguvu. Anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa, watu wanakaa matanga, dua inasomwa, matanga yanaanuliwa. Asiyeonekana haanzishi chochote kati ya hivyo. Mkewe hajui aanze eda lini, au kama kuianza ni kumuua kwa mikono yake. Majirani hawajui wakae au waondoke. Rambirambi hazijulikani zikabidhiwe kama nini. Mtoto shuleni akiulizwa baba yuko wapi anasema "baharini", na hasemi uongo.

Pwani hii inaijua hali hiyo. Mv Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, miili iliyopatikana ilikuwa kiasi cha 200, na wengi wengine hawakuonekana kamwe. Meli ilikuwa imejaza kupita kiasi, kwa hiyo idadi ya waliopanda ikawa jambo la kubishaniwa. Tanga ina ndugu wengi Pemba. Bibi mmoja wa mtaa wetu ana mpwa wake kwenye idadi hiyo inayobishaniwa, na bado akisema jina lake hutumia "yuko".

Pauline Boss, mtafiti wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani bila habari zao. Alichokiona ni kwamba kuwashinikiza wakubali "kwisha" huwaumiza. Wanaishi na mawili kwa pamoja, huenda yupo na huenda hayupo, na msaada ni kuwapa nafasi ya kuyabeba yote mawili huku maisha mengine yakiendelea. Nilimsomea Shehe maelezo hayo. Alikaa kimya, akasema swala ya ghaibu, anayoswaliwa maiti asiyekuwepo, ina mahali pake na ameshaiswalisha, lakini hataswalisha mtu ambaye mkewe bado anamwekea sahani, mpaka kwanza akae na ukoo: mke, mama, kaka mkubwa, wote, na swali la kwanza litakuwa kwa mke. Tumeliweka kama utaratibu. Katekista amekubali mfano wake kwa familia za Kikristo, ibada ya kumbukumbu isitangazwe kabla ya kikao hicho.

Upande wa serikali nao hauna haraka. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu mtu kudhaniwa amefariki akitimiza miaka 5 bila kusikika na wale ambao wangetarajiwa kumsikia. Katikati ya hapo kuna pesa kwenye simu yake, kiwanja, deni la nyavu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mama Ustawi atawasindikiza wahusika mahakama ya mwanzo na kwa kadhi, na tumemwandikia hivyo kama kazi, yenye nauli, maana jambo linalofanyika kwa huruma tu hufanyika mara moja.

Kisha habari. Tumekubaliana mambo haya ya kufuatwa baada ya tukio. Mtu mmoja pekee anasemea utafutaji, naye ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, si mwenyekiti, kwa kuwa mwenyekiti atakuwa na simu za wakubwa. Anazungumza na familia kila baada ya alasiri na kila baada ya isha, hata kama hana jipya; kusema "hatujapata kitu" kwa saa iliyoahidiwa ni habari. Familia husikia kabla ya kipaza sauti. Siku utafutaji unaposimamishwa, wanaambiwa nyumbani kwao na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na wanaulizwa kama wanataka vijana waendelee kuzunguka kwa ngalawa siku chache zaidi. Mabaharia wetu wastaafu walisisitiza hilo la mwisho. Walisema vijana watakwenda tu, waruhusiwe au la, afadhali wapewe mafuta na maboya.

Hakuna aliyetaja ushauri nasaha wiki yote.

Septemba

Maulidi yamekula wiki ya katikati, vikao vimesogezwa.

Ratiba ya kufuatilia wafiwa. Fomu tuliyoletewa ina vipindi vya "wiki 2, mwezi 1, miezi 3", safi kabisa, na haimhusu mtu yeyote hapa. Mwalimu wa madrasa akachukua kalamu akaanza na siku ambazo watu wangekuwepo hata mradi usingekuwepo. Siku ya tatu, matanga yanapoanuliwa: hapo nyumba inajaa, hatuhitajiki, tunahesabu tu nani yupo na nani hayupo. Baada yake watu hurudi kwenye shughuli zao, na kati ya hapo na arobaini ndipo mfiwa anabaki na kuta. Hizo ndizo wiki zetu. Kila kaya inapewa watu wawili wa kupita, wa jinsi inayofaa, na wanapita na sababu: kurudisha sufuria, kuuliza ada ya shule, kuleta muhogo. Arobaini yenyewe ni mahali pa kuangalia nani amekonda, nani hazungumzi, nani hakuja.

Halafu eda. Miezi 4 na siku 10, mjane hatoki bila dharura. Kikundi cha faraja kinachokutana ofisi ya kata kimemwacha nje moja kwa moja, na mwanamume wa mradi hana la kufanya sebuleni kwake. Kwa hiyo kikundi kinakwenda kwake, wanawake watupu, na kinakwenda na kazi za mikono. Wakaanga samaki walipendekeza ukili: kusuka mkeka kunaipa mikono shughuli na macho yanapata pa kutazama. Eda inapokwisha ni zamu ya kutazama tena, kwa maana ndipo maswali ya riziki na ya kuolewa humshukia kwa pamoja. Miezi sita ikitimia, ziara ya mwisho. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, nao unasubiri angalau miezi 6 kabla huzuni ya msiba kuitwa ugonjwa, tena baada ya kutazama mila za mahali. Nimefurahi kuona vitabu na mwalimu wa madrasa wanakaribiana hivyo.

Mwisho wa mwezi, jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Tulikuwa pwani alfajiri kuzungumza na manahodha kuhusu orodha, na kama kawaida hawataki. Mama anayeuza uji na chapati pale wanapopakilia barafu alikuwa akisikiliza. Akafungua daftari lake la mali kauli. Mabaharia wanakunywa asubuhi, wanalipa wakirudi, kwa hiyo kila jina lililokunywa limeandikwa, na kando yake jina la chombo, ili ajue amdai nani. Juma, chapati mbili, chombo cha fulani. Binamu akichukua nafasi ya binamu, anayekunywa uji ni yeye, na anayeandikwa ni yeye.

Miezi mitatu tumetafuta namna ya kupata orodha hiyo, na ipo, na ina mafuta ya chapati.

Oktoba

Wasioitwa wafiwa. Tumewaorodhesha kwa kuuliza nani alikuwepo ila hakupewa pole.

Manusura. Aliyeogelea hadi kwenye mikoko akapona hana msiba nyumbani kwake, kwa hiyo hana mkeka wala rambirambi, lakini ana macho ya mama wa mwenzake kila akipita. Wengine huulizwa waziwazi: wewe umetokaje? Mabaharia wastaafu wamejitolea kuwa watu wa manusura. Hawatamhoji. Watakwenda naye pwani siku atakayotaka kurudi, au watamtafutia kazi ya nchi kavu asipotaka kurudi, na kwa tajiri watasema kwa niaba yake.

Waopoaji na waosha maiti. Vijana waliotoa miili iliyokaa majini siku kadhaa, na wazee wanaoiosha, hutukuzwa siku ile, kisha basi. Wapokezane, wasishinde kazini mfululizo, wale, wapate pa kukaa pamoja jioni bila hotuba. Mosha maiti mmoja alisema anachotaka ni glavu nzuri na sabuni ya kutosha. Imeingia.

Walio na maradhi tangu kabla. Hapa wahudumu wa afya walikuwa wakali na wana haki. Mwenye kifafa au mgonjwa wa akili aliyetulia kwa dawa, maji yakichukua nyumba yamechukua na dawa. Ndani ya siku chache ana hali ambayo watu wataita mshtuko wa mafuriko. Wanaandaa orodha yao, wanaitunza wao, kwa siri ya tiba, na kazi ya kwanza ya zahanati baada ya tukio ni kuhakikisha dozi haikatiki. Zaidi ya zahanati ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Familia chache zinaijua pia Lutindi, kule milimani Korogwe, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na sasa kwa zaidi ya miaka 100 inatunza wagonjwa wa akili.

Chunusi na majini. Watu watasema chunusi, pepo wa baharini, amewavuta, na watakwenda kwa mganga, kabla yetu au baada yetu. Tulimtembelea mmoja, mtu mzima mwenye adabu. Hatukubishana kuhusu chunusi. Tulimwomba vitu vitatu: asifunge mtu kamba, asimkataze mtu dawa za hospitali, na akiona mtu haoni sababu ya kuishi atuite usiku uleule. Akaomba na yeye namba ya Mama Ustawi. Hilo la kutaka kufa lina uzito wake: kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo familia huficha, husema alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya. Wapita-nyumba wetu wameelekezwa kumpeleka mtu kituo cha afya kama mgonjwa, wamkabidhi kwa muuguzi, wasitangulize maswali.

Watoto. Madrasa na shule zifunguliwe mapema iwezekanavyo, hata chini ya mwembe. Ratiba inawatuliza kuliko maneno. Yatima asihamishiwe mjini kwa "mtu mwema" bila Mama Ustawi kujua. Namba 116 ya kuwasaidia watoto imebandikwa shuleni. Hapa hatukuhitaji muda mrefu, walimu wanajua.

Novemba

Tarehe 16, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa limeanguka Kariakoo. Si kata yetu wala mkoa wetu, lakini nusu ya maduka ya hapa huletewa mzigo kutoka Kariakoo na vijana wetu wengi wako kule wakibeba, wakiuza, wakilala stoo. Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa na simu sikioni. Waliokwama chini walikuwa wakiwasiliana na waokoaji, na kila ujumbe wa sauti ulisambazwa kwenye makundi ya simu mara elfu, wa kweli na wa kutungwa.

Hatukutangaza kuwa mpango umeanza. Ulianza. Katibu wa BMU, ambaye kazi yake ni bahari, alijikuta anaulizwa na akina mama habari za Dar, akafuata alichoandikiwa: alichukua majina ya waliotafutwa na mtaa wetu, akampata kijana wetu mmoja aliyekuwa eneo lile, na akawaambia watu warudi baada ya alasiri na baada ya isha. Kati ya saa hizo alizima data. Wakaanga samaki wakakaa na mama ambaye mwanawe alikuwa hapatikani. Mwanawe alipatikana Jumapili, yuko Mbagala, simu imeibiwa. Mtu mmoja wa mtaa wa pili hakuwa na bahati hiyo, na familia ilisafiri.

Uokoaji kule uliendelea kwa siku kadhaa, waliofariki wakazidi 20. Nilichokiona tena ni kilekile: hakuna aliyekuwa na hakika nani alikuwa ndani asubuhi ile. Wenye maduka, wasaidizi, wateja, wapagazi, kila mmoja anamjua wa karibu yake tu.

Tarehe 27 uchaguzi wa serikali za mitaa. Baadhi ya wenyeviti tuliowafundisha wameondoka. Ndiyo sababu Mama Ustawi alikataa tangu mwanzo majina ya viongozi kwenye nafasi za kukaa na watu. Alitaka wakaanga samaki, katibu, mosha maiti, watu ambao hawapigiwi kura. Wenyeviti wapya wamekabidhiwa nakala na kazi yao moja, kupiga simu jiji.

Desemba

Hali ilivyo. Ukurasa wa msaada wa kisaikolojia sasa ni kurasa sita na kamati imeupitisha na mabadiliko mawili. Moja, wameongeza mtu wa kupokea wageni: waandishi, wanasiasa, na mashirika yatakayokuja na wataalamu wao. Atawashukuru, atawaonyesha mpango, atawauliza watakaa muda gani. Wa siku mbili watapewa kazi ya vitu, si ya watu. La pili, wamefuta neno "ushauri nasaha" kwenye kichwa na kuweka "faraja na ufuatiliaji". Mfadhili hajafurahi na hilo. Nimewaachia kamati wamjibu.

Watu wa kupita nyumba kwa nyumba hawajatosha upande wa Mwarongo. Glavu zimefika. Kadhi amekubali kikao cha familia za waliopotea, mara moja kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke mmoja aliyengoja miaka mingi amekwisha kuandikisha jina.

Daftari la mama chai, yule wa uji na chapati. Matajiri wa vyombo walikuwa wakali kwenye kikao cha kwanza. Orodha leo, ushuru wa vichwa kesho, walisema, na wapo mabaharia wasio na leseni. Hawataki iende ofisi yoyote. Wakaanga samaki wakasema basi isiende. Makubaliano yaliyosainiwa: majina yanabaki kwenye daftari la mali kauli, na anayelipa taslimu naye anaandikwa, deni sifuri. Vyombo vya dagaa vinavyotoka jioni vinaandikwa na muuza kahawa. Daftari halifunguliwi na mtu wa serikali isipokuwa chombo kimepitisha saa yake, na hapo linafunguliwa mbele ya katibu wa BMU na mwanamke mmoja wa kikundi cha kufa na kuzikana. Kila alfajiri binti wa mama chai anapiga picha ya ukurasa na kuituma kwa mwanamke huyo, si kwa mtendaji. Kuhusu picha matajiri wawili bado hawajakubali. Tunakaa nao tena wiki ya pili ya Januari, na mabaharia wastaafu watakwenda kwanza bila sisi.

Mama chai ameomba taa ya sola na kalamu ambazo wino wake haufutiki kwa maji. Vyote vimeingia kwenye bajeti, pamoja na daftari la pili.